Mnaanza Forodhani, mnapotelea Darajani

Msimu umefunguka, beji mpya za waongoza watalii zimejaa hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, na mimi masikio yamenichoka. Wiki hii, ubavuni mwa Soko la Darajani, nimemsikia kijana mmoja (simtaji, mwenyewe anajijua) akiwaambia wageni kwamba Creek Road, hii barabara ya sokoni, imepewa jina hilo kwa sababu Waingereza walikuwa na mtaa wa aina hii kwao. Mwengine, hapo hapo, kamwambia mzee wa Kijerumani kuwa upande wa pili wa barabara, Ng'ambo, hakuna historia, ni makaazi ya watu tu. Mzee wa watu akainua macho akayatazama majumba ya Michenzani, yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki, kisha akanyamaza kwa adabu. Nilitamani ardhi inimeze, na wala mgeni hakuwa wangu.

Basi wadogo zangu, kaeni. Nawapenda, ndiyo maana nitasema kwa ukali. Mmefundishwa njia moja: Forodhani, Ngome Kongwe, milango, Mkunazini, soko, kwaheri. Mnafika Creek Road mmechoka, jua limepanda, mgeni anauliza choo, na ndipo sehemu inayoueleza mji mzima mnaimaliza kwa kusema "hili ni soko".

1. Elezeni maji kabla ya mawe.

Mji huu ulikuwa rasi. Shangani imetokeza baharini magharibi, na nyuma yake, mashariki, kulikuwa na hori, ndiyo hiyo "creek" ya Kiingereza: mkono wa bahari ulioingia kutoka Funguni, ukapita Gulioni na Darajani, ukateremka kuelekea Mnazi Mmoja. Maji yakijaa bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mji ulibaki umeshikizwa na kisiwa kwa kipande chembamba tu upande wa kusini. Yakitoka, yalibaki matope na taka. Livingstone, yule mmisionari msafiri, alipokuwa hapa mwaka 1866 aliulalamikia sana uvundo wa ufuo wetu, na kwa hilo simlaumu, maana choo cha mji kilikuwa ni pwani. Darajani palikuwa na daraja kwelikweli, la kuvukia kwenda Ng'ambo. Hori lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, upande wa Mnazi Mmoja ukitangulia, na hapo mnapomshika mgeni mkono kwa kuogopa vespa na daladala ndipo maji yalipokuwa.

Mgeni akishalijua hilo, maswali yake yote yanabadilika. Ataacha kuuliza kwa nini vichochoro ni vyembamba. Mji ulikuwa umezungukwa na maji na watu walikuwa wengi, wangejenga wapi kama si kwenda juu na kubanana?

Jina rasmi la sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Mpeni mgeni majina yote mawili, maana la kumwambia dereva wa teksi si lazima liwe ndilo lililo kwenye simu yake.

2. Mkunazini, msiongeze chumvi.

Hili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu wiki hii nimewasikia wawili wenu wakilirudia neno kwa neno, na ninajua lilikotoka. Limetoka kwangu.

Mnajua tunavyofanya Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, kwenye vile vyumba vya chini tunavyosema walifungiwa humo. Unainama, unawapanga wageni ukutani, unapunguza sauti. Mimi nilikuwa hodari wa jambo hilo kuliko wote. Mkubwa wangu wa kazi alinifundisha kusema kwamba bamvua likijaa, maji ya hori yaliingia humo ndani kupitia ule mfereji wa katikati. Mimi nikaongeza mkono. Nilikuwa nauweka mkono kifuani, hivi, kuonesha maji yalikofika, halafu nanyamaza. Sikuwahi kulisoma popote. Lakini hori lilikuwa karibu kweli, na uongo uliokaa jirani na kweli unauzika vizuri sana. Kijana niliyemuona juzi aliweka mkono kifuani, pale pale, akanyamaza muda ule ule.

Sasa sikilizeni. Siku moja nilikuwa na familia ya Wamarekani weusi: mume, mke na mdogo wake mke. Tulishuka chini, nikafanya yangu, mkono kifuani. Yule mama akaegemeza kiganja ukutani, akalia bila sauti. Akaniuliza kama inawezekana wazee wake walipita humu. Nikamwambia ndiyo, mama, inawezekana sana. Akaokota vumbi la chokaa lililoanguka chini ya ukuta, akalifunga kwenye karatasi laini, akalitia mkobani.

Mchana tukakaa kula. Mumewe alikuwa mtu mpole, mwalimu wa skuli. Akaniuliza kwa upole huo huo: soko lilifungwa mwaka 1873, na jengo hili la juu ni la wamisionari, waliolijenga baada ya hapo. Sasa watumwa walifungwa humu lini? Nikajibu kuwa vyumba ni vya zamani kuliko nyumba. Akasema, una hakika? Nikasema, nina hakika. Sikuwa na hakika ya chochote. Akaendelea, bado kwa upole: na waliouzwa Unguja, si wengi wao walibaki kwenye mashamba ya karafuu hapa na Pemba, au wakapelekwa Omani, Ghuba na visiwa vya Bahari ya Hindi? Waliofika Marekani si wengi wao walitoka Afrika ya Magharibi na Kongo na Angola? Nikaanza kuzungumza habari za Msumbiji, nikijichanganya mwenyewe.

Mkewe alikuwa anasikia yote. Hakusema kitu. Alifungua mkoba, akaitoa ile karatasi, akaikunjua, akalimwaga vumbi kwenye kisahani cha majivu kilichokuwa mezani. Halafu akaendelea kula samaki wake. Jioni walinilipa sawasawa na bakshishi juu, na ile bakshishi ndiyo iliyoniuma kuliko matusi.

Kilichonivunja ni kwamba mahali penyewe hapakuhitaji msaada wangu. Soko lilikuwa hapo hapo. Watu waliuzwa hapo, watoto waliuzwa hapo, hilo halina mjadala. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani wetu, Sayyid Barghash, huku akibanwa na Uingereza kupitia balozi wake John Kirk, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, na kabla mwaka haujaisha, siku ya Krismasi, wamisionari wa Kianglikana wa UMCA wakaweka jiwe la msingi la kanisa kwenye kiwanja hicho hicho. Nje kuna sanamu za Clara Sörnäs, watu wamesimama shimoni na minyororo shingoni; wapelekeni wageni pale mkae kimya. Vile vyumba, waambieni wazi kwamba wanahistoria wetu wenyewe wamepinga kuwa viliwahi kufungiwa watumwa, khalafu mgeni ashuke akijua anachokitazama. Nimejaribu. Hakuna aliyewahi kudai fedha zake.

Na kufungwa kwa soko si kukomeshwa kwa utumwa. Hapa Unguja na Pemba hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897. Ni miaka 24 katikati, msiiruke.

3. Kanisa lenyewe lina mengi ya ujenzi, lakini nyinyi mnakwenda moja kwa moja kwenye nguzo.

Nguzo zilizopinduliwa, ndiyo, zinachekesha: inasimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha kichwa chini Askofu Steere, msimamizi wa ujenzi, akiwa hayupo. Semeni, wageni wacheke, halafu waoneshe paa. Ni kuba refu la mawe ya matumbawe na saruji, na watu wa wakati huo walikuwa na wasiwasi kama litasimama. Limesimama. Steere amezikwa nyuma ya altari, na huyo huyo ndiye aliyeandika sarufi ya Kiswahili iliyosomwa na wageni wengi kabla ya hawa wenu.

4. Someni majengo ya barabarani kwa mpangilio wa wakati.

Soko la Darajani, Estella kwa jina la zamani, ni la mwaka 1904. Ukishuka kusini mpaka mwisho unakutana na Beit el Amani, jumba la makumbusho lenye kuba jeupe, lililofunguliwa mwaka 1925 kwa kumbukumbu ya Vita Kuu ya Kwanza. Mchoraji wake ni J. H. Sinclair, Mwingereza aliyekuwa mtawala na msanifu kwa pamoja, na ambaye alipenda matao na makuba kuliko sisi wenyewe. Mahakama Kuu ya Vuga ni yake pia. Wageni wengi hudhani lile kuba ni msikiti. Msiwacheke, Sinclair alitaka wadhani hivyo, au angalau wadhani kuwa utawala wa Kiingereza umeota hapa wenyewe.

Kati ya hayo mawili kuna maduka yenye makaazi juu, mtindo walioleta wafanyabiashara wa Kihindi: chini biashara, juu familia, mbele roshani ya mbao iliyotobolewa maua. Ukiingia kwenye nyumba yoyote ya kale, tazama dari kwanza. Boriti za mikoko hazikui ndefu kiasi unachotaka, na kwa hiyo chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti; ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, hata nyumba ya tajiri. Nimewahi kumwambia hivyo fundi mmoja wa Kiitaliano, akatoa kipimo mfukoni akapima vyumba vyote vya hoteli yake usiku ule, asubuhi akaniletea orodha kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Milango: ya Kiomani ya zamani ina kizingiti cha juu kilichonyooka, ya baadaye yenye mkono wa Kihindi ina tao, ya Kigujarati ina vipande vidogo vya mraba na hujikunja. Misumari ya shaba haikuwekwa kuzuia tembo wa Unguja wasisukume mlango, kama mnavyowaambia wageni. Hapakuwa na tembo Unguja.

5. Chokaa na saruji.

Kuta hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, nazo zinapumua; ukizipiga plasta ya saruji unyevu unabaki ndani na ukuta unaanza kuoza taratibu. Mkiona nyumba imevimba na kumenyuka, mwambieni mgeni hilo badala ya kusema "imezeeka". Mji uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu, ya mwaka 1883 iliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020, watu wakafa. Kwa hiyo msimwambie mgeni kwamba nyufa "zinapendeza kwenye picha".

6. Vukeni barabara, jamani.

Ng'ambo ndiko walikoishi wengi wa waliokuwa wakiujenga, wakiupikia na wakiuchukulia mizigo Mji Mkongwe. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti, na ardhi mara nyingi ya mtu mwengine. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyetoka Fumba akiwa mtoto wa watumwa, sauti yake ilikulia huko Ng'ambo kabla ya kupanda meli kwenda Bombay kurekodi sahani za santuri. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Mzee Karume akaamua kuwajengea watu majumba ya ghorofa, na Michenzani ikanyooshwa hivyo mnavyoiona. Mgeni anayesimama Darajani akageuza shingo kushoto na kulia anaiona siasa ya karne mbili bila kutembea hatua kumi. Mnampitisha kwenye mabegi ya ukili!

Najua kwa nini hamvuki. Ng'ambo hakuna duka linalotoa kamisheni. Haya, semeni hivyo basi, lakini msiseme hakuna historia.

7. Vidogo vidogo.

Salamu kwanza kwenye kila baraza, hata ukiwa na wageni ishirini. Hakuna kupiga picha za akina mama sokoni bila ruhusa. Mnadani kwa samaki wageni wavae viatu vilivyofungwa. Beji ivaliwe shingoni. Ikiwa mfukoni wewe na papasi, yule anayewafuata wageni bila kibali, mna tofauti gani? Ukiulizwa usilolijua, sema nitauliza, halafu uulize kweli.

8. Bamvua.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hapa hujaa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri. Nendeni Mnazi Mmoja siku hizo, hasa kukiwa na mvua, muone viwanja vya mpira vinavyolowa maji ya chumvi. Bahari haijakubali kwamba imefukiwa. Asiyeamini aonje. Mwezi ujao nitakuwa huko alasiri ya bamvua na wawili watatu wenu niliowataja bila kuwataja. Njooni na ndara, na yule wa mkono kifuani aje mapema, nina mazungumzo naye.