Paka mwenye kisukari: usipandishe insulini kwa kipimo cha asubuhi peke yake

Mkuu uliyeko Ligula, Mtwara, umeuliza kama umpandishe paka wako kutoka yuniti 2 za glargine (insulini inayofanya kazi muda mrefu) hadi 4 kwa kuwa asubuhi kabla ya sindano mashine ya kupima sukari inasoma 18 (mmol/L). Tafadhali usipandishe. Kipimo cha muda huo kinakuonyesha dawa ya jana jioni ikiwa imeshaisha nguvu, basi. Dozi inaamuliwa na sukari inaposhuka chini kabisa, na hapo hujapapima bado.

Chagua siku ambayo upo nyumbani. Kama sindano ni saa 1 asubuhi na saa 1 jioni, pima kabla ya ile ya asubuhi, mlishe, mchome, halafu pima kila baada ya saa mbili mpaka jioni. Kipimo cha chini kikiangukia kati ya 4.5 na 8, dozi inamtosha, iache. Kikibaki juu ya 10 na bado anakunywa maji mno na kukonda, ongea na daktari wa mifugo mpandishe nusu yuniti, kisha subiri wiki nzima ndipo upime tena. Kikishuka chini ya 4.5, punguza nusu yuniti hata kama asubuhi yake ilikuwa 20. Sukari ikishuka mno, ini linaweza kumwaga akiba yake kumwokoa, asubuhi ukakuta namba kubwa. Ukimwongezea dawa hapo unamzamisha zaidi. Namba zote hapa ni za mmol/L; kama mashine yako inasoma kwa mg/dl, gawa kwa 18.

Damu itoe pembeni mwa sikio. Lipashe kwanza kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, lipake Vaseline kidogo sana ili tone lisisambae kwenye manyoya, weka pamba nyuma ya sikio, toboa kwenye ukingo, nje kidogo ya ule mshipa. Mashine za binadamu mara nyingi humsoma paka chini ya hali halisi, kwa hiyo tumia hiyohiyo moja siku zote. Usichanganye.

Sasa angalia bomba lako la sindano kwa makini. Kwenye mabomba mengi ya insulini ya ml 1, mstari mmoja ni yuniti 2, kwa hiyo anayehesabu "mistari miwili" anachoma 4. Tafuta la ml 0.3 lenye alama za nusu yuniti. Na bomba la U-40 (la dawa yenye yuniti 40 kwa ml) kwenye dawa ya U-100 (yuniti 100 kwa ml) linatoa mara 2.5 ya dozi uliyokusudia, hilo linaua.

Joto la Mtwara mwezi wa Desemba haliifai dawa hii. Ikae kwenye friji, mbali na barafu. Ikiganda, tupa. Umeme ukikatika, izungushie kitambaa kabla ya kuiweka kwenye chombo cha barafu.

Ukimwondolea ugali na kumbakishia samaki wa kuchemsha na nyama, mahitaji ya insulini yanaweza kushuka ndani ya siku chache. Pima kila siku kipindi hicho. Asipokula au akitapika, usimchome dozi kamili, mpigie daktari kwanza.

Akiyumba, akilegea miguu ya nyuma au akitetemeka, mpake asali kwenye fizi papo hapo, hata kabla ya kupima. Akiwa na degedege usimmiminie kitu kooni. Akizinduka mlishe, mpeleke kwa daktari, na sindano inayofuata usimpe mpaka daktari aone vipimo vya siku hiyo.