Kidani cha lulu cha mnadani: anza na tundu

Kidani cha kwanza nilichonunua mnadani kilinitoa paundi 182, na kilikuwa vioo vitupu. Nalieleza hili kwa sababu wengi wetu tunaoishi Uingereza siku hizi tunanunua vito kwenye minada ya mtandaoni, na lulu ndizo zinazotuponza zaidi. Dhahabu ina mhuri wa kuisemea. Lulu haina.

Nilikuwa natafuta kidani cha kumvisha binti yangu siku ya kupamba. Mnada mmoja wa mji mdogo karibu na Birmingham ulikuwa nacho: uzi mmoja, punje zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa, na kishikizo cha dhahabu chenye mhuri wa nanga na namba 375. Nanga ni alama ya ofisi ya Birmingham inayopima dhahabu, na 375 ni dhahabu ya karati 9. Nikaamini. Sikwenda hata kukitazama. Nyundo iligonga kwenye paundi 140. Ikaongezwa ada ya mnunuzi asilimia 25, na kodi ya asilimia 20 juu ya ada hiyo.

Kilipofika nilikipeleka kwa sonara mmoja katika mtaa wa masonara wa Birmingham, mzee wa Kihindi aliyekulia Kisumu na ambaye Kiswahili hakijamtoka. Hata dakika haikupita.

"Mama, kishikizo ni dhahabu kweli," akasema. "Lakini kishikizo hufunguliwa kikafungwa kwenye uzi mwingine. Njoo utazame tundu."

Akanipa kioo chake cha kukuzia mara kumi. Pembeni mwa kila tundu rangi ilikuwa imebanduka, kama rangi ya kucha iliyokaa wiki mbili, na chini yake kioo kinang'aa. Lulu za namna hii ni punje za kioo zilizochovywa kwenye rangi ambayo tangu zamani ilitengenezwa kwa magamba ya samaki. Zinapendeza kwa mbali, zina uzito, na ukizigusa ni baridi. Kwa hiyo yule anayekwambia upime kwa uzito na ubaridi amekupa kipimo cha kukamata plastiki tu. Kioo kinapita.

Tangu siku ile naanza na tundu. Lulu ya kweli imejengwa na chaza tabaka juu ya tabaka, na tundu lake lina ukingo mkavu, uliokatwa safi, bila ngozi inayobanduka. Ukiwa na mwanga mzuri, mara nyingi utaona mstari mwembamba ndani ya tundu: hapo tabaka za lulu zinakutana na kiini. Mstari huo usikutishe. Ni dalili kwamba ni lulu ya kufugwa, yaani binadamu alimtilia chaza kiini, naye akakifunika mwenyewe. Viini hivyo kwa miaka mingi vimechongwa kutokana na magamba ya kome wa mto Mississippi, huko Marekani. Ukizima taa ukamulika punje kwa tochi ya simu, lulu yenye tabaka nyembamba itakuonyesha mistari ya kiini kama mishipa ya ubao.

Baada ya tundu, meno. Osha punje, kisha iburuze taratibu kwenye ncha ya meno ya mbele. Lulu ya kweli inakwaruza, kama chembe za mchanga laini sana. Ya bandia huteleza. Mimi siku hizi nachukua punje mbili zilizo karibu na kishikizo nazisuguanisha kidogo, maana huwezi kusimama kwenye ukumbi wa mnada na kutia mali ya watu mdomoni. Usizichome kwa kiberiti wala usizitie kwenye siki, hata ukiambiwa na nani: lulu ni chokaa, na siki inaila.

Tazama pia kama zinafanana mno. Chaza hafanyi kazi kwa kalibu. Punje hamsini zisizo hata na kidoa kimoja, zote rangi moja, kwa bei ya chini, ziache. Mafundo kati ya punje ni dalili nzuri ya kazi ya uangalifu, ila hayathibitishi kitu. Hata vioo hufungwa hivyo.

Sasa lipo swali la pili, na hapa ndipo watu wanapojidanganya wenyewe. "Ya kweli" si lazima iwe "ya asili". Kokichi Mikimoto wa Japani alifanikiwa kufuga nusu lulu, yaani lulu ya nusu duara inayoota ikiwa imeshikana na gamba, mwaka 1893, na karibu kila lulu unayoiona dukani leo ni ya kufugwa. Hata kwetu, akina mama wa Fumba, Unguja, wamefuga nusu lulu baharini. Lulu za asili, kama zile wazamiaji wa Bahrain walizozitoa chini ya bahari ya Ghuba, ni adimu na bei yake ni nyingine kabisa. Kutofautisha asili na kufugwa si kazi ya meno wala ya kioo cha kukuzia. Lulu nyingi za maji baridi za China hazina kiini cha gamba, kwa hiyo tunduni hutaona mstari, na mwenye tamaa atasema ni za asili. Ni eksirei ya maabara ya vito ndiyo inayoamua. Ghala la mnada likiandika "hazijapimwa", lipa bei ya lulu za kufugwa, usizidishe hata senti kwa matumaini.

Na bei yenyewe usiifanye shahidi. Mwaka 1996 kule New York, Sotheby's, kampuni kubwa ya minada, waliuza kidani cha nyuzi tatu cha Jacqueline Kennedy, mjane wa Rais Kennedy wa Marekani, kwa dola 211,500. Orodha yao ilisema wazi kuwa lulu zile ni za bandia. Watu walinunua shingo iliyokivaa.

Kidani changu nilikirudisha. Orodha iliandika "lulu" bila kusema za kuigiza, na masharti yao yalitoa siku 14 kwa kitu kisicholingana na maelezo. Yule mzee akaniandikia barua fupi yenye sahihi, nikaituma siku ya tatu, pesa zikarudi isipokuwa za posta. Kila ghala lina masharti yake, na mengine huuza kila kitu kama kilivyo, kwa hiyo yasome kabla ya kuinua mkono, na omba kwa barua pepe picha ya tundu kwa karibu. Wakikataa kuituma, mimi hupita.

Binti yangu alivaa kidani cha pili. Uzi mmoja wa lulu za Japani za kufugwa, mstari unaonekana tunduni, punje mbili zina vidoa karibu na shingo ya nyuma, na kishikizo ni cha fedha tu.