Mara seva, mara mashine kwa mashine: kwani hawaamui?

SWALI: Fundi habari ya kazi. Niko na saiba hapa Kondele, kompyuta nane. Mwanzo tulikuwa tunashea mafaili mashine kwa mashine, halafu nikaambiwa ninunue seva (ile kompyuta moja ya kuwekea mafaili ya wote), saa hii kijana wangu ananiambia ati seva ni mambo ya wazee, dunia imerudi mashine kwa mashine. Nishike gani?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Pole ndugu yangu, hata kesho hawataamua. Wewe angalia tu ni kitu gani kiko ghali wakati huo na ni nani analipa. Miaka ya 60 kompyuta ilikuwa ghali ajabu, so watu wengi walishikanishwa na moja, halafu bei ikashuka kila mtu akaweka yake mezani.

Chukua Skype, ile programu ya kupiga simu kwa intaneti, 2003. Simu zilikuwa zinapitia kwa kompyuta za watumiaji wenyewe, yaani mashine yako na intaneti unayolipia wewe ndio ilikuwa mtambo wao (ujanja wa kampuni changa huo, mimi siwalaumu). Agosti 2007 apdeti ya Windows ikafanya kompyuta nyingi duniani zizime na kuwaka karibu wakati mmoja, Skype ikalala karibu siku mbili. Halafu zikakuja simu za mkononi, na hapo ni nani ataacha betri na bando yake ibebe maneno ya mtu wa Brazil usiku? Wakahamia seva. Spotify, ile ya kusikiza muziki, pia iliacha mashine kwa mashine 2014.

Bitcoin, ile pesa ya mtandaoni, nayo ilienda njia ile ingine ya mashine kwa mashine 2009, lakini huko shida si bei, ni vile hakuna mtu anataka bosi.

Sasa kwa saiba yako bosi yuko, ni wewe. Mimi nilikuwa na yangu Nakuru, sivii zote za wateja zilikaa kwa mashine namba 4, na hiyo namba 4 ilikuwa na swichi chini ya meza, mteja akinyoosha mguu tu inazima, saiba nzima inapiga kelele. Kaa na seva. Hiyo pesa kijana anataka ya kubadilisha, nunulia seva UPS (ile betri ya kushikilia kompyuta stima ikienda), juu stima ikipotea ndio utajua mafaili yote kukaa mahali pamoja ni nini. Na swichi isikae karibu na miguu ya watu.