Mnong'ono wa baani

SWALI: Shikamoo, Mzee wa Santuri. Nahudumu katika baa ya hoteli moja huku Nungwi. Kila jioni meneja anaweka muziki uleule: mwanamke anaimba kama ananong'ona, gitaa laini, chini yake mdundo wa disko. Wageni wanaupenda, mimi unanitia usingizi. Ni Kifaransa? Na mbona nyimbo zote kama moja?
Mhudumu, Nungwi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hicho ni Kireno, lugha iliyotupa hilo neno "meza", uifutayo kila jioni.

Muziki wenyewe ni bossa nova iliyopitishwa kwenye kompyuta. Bossa nova ilizaliwa Rio de Janeiro, Brazili, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwimbaji na mpiga gitaa João Gilberto aliichukua samba, ngoma ya watu wengi, akaihamishia kwenye gitaa moja: kidole gumba kinashika besi mahali pa surdo, ile ngoma kubwa, na vidole vingine vinachezea mapigo madogo. Sauti akaishusha, kama anayemwimbia mtu aliyekaa naye jamvi moja.

Miaka 40 hivi baadaye, binti yake Bebel Gilberto alifanya kazi na prodyuza Suba, mzaliwa wa Novi Sad, Yugoslavia ya zamani, aliyehamia São Paulo. Suba alijua kunyamaza. Besi yake nzito, lakini haimfuniki mwimbaji. Maskini, alikufa Novemba 1999 baada ya studio yake ya nyumbani kuungua. Albamu yao, Tanto Tempo, ikatoka 2000.

Mimi niliwahi kuipiga harusini watu wakila pilau. Mama wa bibi harusi akanifuata kuuliza huyo mwimbaji anaumwa koo? Nikazima. Usiku, nikikunja nyaya peke yangu, nikaiwasha tena, na hapo ndipo nilipolisikia lile gitaa.

Zinazokusinzisha wewe ni za waigaji: kipande cha gitaa cha sekunde nne kinazungushwa mwanzo hadi mwisho, kinabandikwa ngoma ya klabu, basi. Masikio yako hayana kosa.

Baa ikifungwa, sogea karibu na spika, ulifuate gumba tu. Likiwahi hapa, likichelewa kidogo pale, kuna mtu anapiga. Likirudi vilevile kila mara, mwombe meneja aweke nyingine.