Maswali yenu: Lainbeka wangu akacheze na chuo kingine machipuko?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi niko Columbus, Ohio, mwaka wa 17 sasa, kwetu Tanga. Kijana wangu anacheza futiboli ya Kimarekani kwenye chuo kimoja huku, sitakitaja, ni lainbeka, yaani beki anayesimama nyuma ya mstari wa mbele, yeye ni wa pili kwenye namba yake. Aprili iliyopita walicheza wenyewe kwa wenyewe akateguka bega, na aliyemgonga ni rafiki yake wanaokaa chumba kimoja. Sasa kila nikimpigia simu stori ni moja tu, eti makocha wanataka machipuko, yaani ile Machi mpaka Mei, wawe wanajipima nguvu na vyuo vingine badala ya kugongana wenyewe. Nasikia 2025 kuna vyuo viwili viliomba vikakataliwa. Kwetu Simba au Yanga kutafuta timu ya kujipima nayo kabla ya ligi ni jambo la kawaida kabisa lakini ule mpira sio huu, huu wanaumizana. Wewe unaonaje, waruhusiwe? Na wale walikataliwa kwanini?
— Mama wa lainbeka, Ohio

JIBU: Dada yangu, pole sana na bega la kijana, na pole zaidi wewe uliyepokea ile simu, maana mzazi akiwa mbali na uwanja simu ya aina hiyo inakata miguu.

Nianze na hao wawili uliowasikia. Ni Colorado na Syracuse. Kocha wa Colorado ni Deion Sanders, yule aliyewahi kuwa nyota wa NFL, ligi ya kulipwa, mwenyewe, alisema hadharani kwamba kucheza mwenyewe kwa mwenyewe kila mwaka kunachosha na angependa apate timu nyingine wafanye mazoezi pamoja siku kadhaa halafu wacheze, kama timu za kulipwa zinavyofanya kabla ya msimu. Kocha wa Syracuse, Fran Brown, akajibu mtandaoni palepale, sisi tunakuja Boulder, mji wa chuo cha Colorado, siku tatu. Watu wakafurahi kweli. Wakapeleka maombi NCAA, ambacho ndio chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na mwezi Machi kamati yake ya futiboli ikasema hapana. Sababu walizotoa ni kwamba muda ulikuwa umekwenda, vyuo vingi vilishamaliza mazoezi yake ya machipuko kwa hiyo wengine wasingepata nafasi kama hiyo, na pia wanafunzi wa timu itakayosafiri wangekosa vipindi darasani. Basi Colorado Aprili 19 wakacheza wenyewe kama kawaida na siku hiyohiyo jezi za nyota wao Shedeur Sanders na Travis Hunter zikastaafishwa.

Hiyo sababu ya muda mimi naielewa, usipange harusi wakati wengine wameshakula pilau wakaondoka. Ila ni sababu ya mwaka mmoja tu, sio sababu ya kukataa jambo lenyewe. Ukiniuliza mimi, waruhusiwe. Nasema hivyo nikijua nazungumza na mama ambaye mwanae bega liliteguka, sisemi kirahisi, kwa hiyo nivumilie nieleze vizuri.

Kwanza uelewe machipuko yao yakoje. Sheria inawapa mazoezi 15 tu. Katika hayo, ya kugusana ni 12, na ya kuangushana chini kabisa hayazidi 8, na ya kucheza kama mechi yenyewe, 11 kwa 11, ni 3 tu pamoja na ile mechi ya mwisho ya mashabiki. Ligi inaanza mwishoni mwa Agosti, kwa hiyo hapo katikati kuna miezi minne ya kukaa na ulichokiona Aprili. Sasa hizo mara tatu unacheza na nani? Unacheza na watu wanaojua kila kitu chako. Niliwahi kukaa pembeni kabisa ya uwanja kwenye mechi moja ya machipuko, baridi ya Aprili ile ya kuingia kwenye mifupa, nikamwona lainbeka mmoja anawaonyesha wenzake kwa kidole mpira unakoelekea kabla haujachezwa, anapiga kelele kulia kulia kulia, na kweli ukaenda kulia, mara ya pili hivyohivyo, mara ya tatu hivyohivyo. Mashabiki wanashangilia beki ni kali mwaka huu! Beki sio kali, beki wamesikia ishara hizohizo mwezi mzima wamezikariri. Na kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, amevaa jezi ya rangi tofauti maana yake haguswi, mtu akimfikia tu filimbi inalia mpira umekufa. Sasa huyo kwotabeki anaweza kukimbia au hawezi? Akibanwa anatulia au anachanganyikiwa? Hakuna aliyejua siku ile, makocha wenyewe hawakujua.

Sasa nije kwenye lililokuleta, kuumia. Watu wengi wanadhani kucheza na wageni ndio hatari na kucheza wenyewe ndio salama. Hebu tupige hesabu ya kawaida tu. Mkicheza wenyewe, kila mpira unapochezwa uwanjani kuna vijana 22 na wote 22 ni wa kwenu. Mkicheza na chuo kingine wa kwenu ni 11. Yaani kwa kila mpira mmoja idadi ya vijana wako walio kwenye hatari imepungua nusu, na mwanao hawezi kuvunjwa na mwenzake wa chumbani, na mwenzake hatalala na mzigo wa kumuumiza rafiki, jambo ambalo wewe umeliona nyumbani kwako na najua yule kijana mwingine naye hakulala vizuri.

Halafu kuna hili la vikosi kupungua. Baada ya ile kesi ya House, ya wanamichezo walioishtaki NCAA kuhusu malipo, kumalizwa mahakamani Juni 2025 vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano yale vikawekewa kikomo cha wachezaji 105, wakati zamani ungekuta chuo kikubwa kina vijana 120 na kitu, wengine bila ufadhili, wanajilipia wenyewe ili wavae tu jezi. Na machipuko hata hao 105 hawatimii, waliomaliza wameshaondoka, baadhi ya wanaotoka sekondari hawajafika mpaka kiangazi, wengine wana mikanda ya mabega kama wako. Ukijaribu kugawa timu mbili unakosa hasa wale wa mstari wa mbele, vijana wa kilo 140 ambao hawaokotwi barabarani, unajikuta watano haohao wanacheza huku wanavuka wanacheza kule, wamechoka, na mtu aliyechoka ndiye anayevunjika goti. Ukileta chuo kingine kila mmoja analeta mstari wake mmoja. Kwangu mimi hii ndio hoja nzito kuliko zote na sielewi kwanini haisemwi sana, watu wanaongelea televisheni tu.

Ila sitakuficha upande wa pili. Wenyewe kwa wenyewe vijana wanajua kupunguza, anaona huyu ni ndugu yangu anamshika tu bila kumtupa. Na wageni hapunguzi mtu, jezi ya rangi nyingine ikisimama mbele damu inachemka. Hata wakubwa wao wanaolipwa inawashinda. Agosti 2022 Rams na Bengals, timu mbili za NFL, walikuwa Cincinnati kwenye mazoezi ya pamoja, sio mechi, ugomvi ukazuka na Aaron Donald wa Rams, mtu mzima na heshima zake, akaonekana ameshika helmeti za wapinzani anazizungusha hewani kama panga. Ligi haikumfungia kwa sababu nidhamu ya mazoezini imeachwa kwa klabu zenyewe. Fikiria watoto wa miaka 19 hapo, marafiki zao jukwaani, simu zinarekodi.

Kwa hiyo mimi ninachokitaka sio mechi kubwa ya tiketi na matarumbeta. Nataka siku mbili za mazoezi ya pamoja, geti limefungwa, ndani ya zile 15 na sio juu yake, na waamuzi wenye kuvaa sare kabisa. Siku ya kwanza kazi za vikundi vidogo, siku ya pili wacheze kwa mpangilio, kocha anasema weka mpira hapa, chezeni, imetosha, wengine waingie. Hakuna kuhesabu magoli. Na majirani wakutane na majirani, hapo kwenu Ohio mna vyuo vingapi ambavyo basi linatoka asubuhi jioni limerudi? Toledo, Akron, Kent State, Bowling Green, wote hao ni mkoa mmoja. Ile ya Syracuse kupanda ndege mpaka milima ya Colorado ilikuwa nzuri kwa macho ila hapo NCAA kwenye suala la darasa walikuwa na haki yao.

SWALI: Nimesoma unavyotetea hiyo kitu kwenye gazeti lililopita ukigusia kidogo, mimi sikubaliani. Makocha wenyewe wanakimbia hata ile mechi ya ndani, Nebraska walifuta, Texas walifuta, wanaogopa wachezaji wao kuibiwa. Sasa wakishindwa kujionyesha wao kwa wao ndio watakubali kujianika mbele ya wapinzani? Na vyuo vidogo si vitafanywa ngoma?
— Mwanafunzi, Minneapolis

JIBU: Dogo umeuliza la maana. Ni kweli 2025 Nebraska waliacha mechi yao ya machipuko, mechi iliyokuwa inajaza watu zaidi ya 60,000, na kocha Matt Rhule alieleza wazi kwamba wakionyeshwa kwenye televisheni wengine wanawaona vijana wake wanakuja kuwarubuni kwa hela. Texas nao kocha Steve Sarkisian akasema timu yake imecheza mechi 30 ndani ya misimu miwili miili imechoka, hiyo sio woga wa wizi, hiyo ni huruma na nampongeza.

Lakini angalia wizi ulikuwa unapitia wapi. Ilikuwepo dirisha la uhamisho la Aprili, yaani kijana anang'ara Jumamosi na Jumatatu jina lake liko kwenye potali ya uhamisho, ile orodha ya wanaotaka kuhama chuo, halafu wewe kocha umebaki na pengo na ligi inakuja. Dirisha hilo la Aprili limeondolewa, kuanzia 2026 limebaki moja la Januari tarehe 2 mpaka 16. Sasa Aprili kijana akionekana anaonekana tu, haendi popote mpaka msimu uishe. Woga ule umekatwa mguu mmoja. Sijasema vishawishi vitaisha kabisa maana hela haijui kalenda, ila kile kilichowafanya makocha wafunge mageti kwa kufuli hakipo tena kama kilivyokuwa.

Vyuo vidogo kufanywa ngoma, ndio maana nimesema magoli yasihesabiwe. Na usidharau, kijana wa chuo kidogo anataka siku moja tu asimame mbele ya yule wa chuo kikubwa ajipime mwenyewe bila kuambiwa. Mbona mabinti wa soka kwenye vyuo hivyohivyo wanacheza na vyuo vingine kila machipuko, na wa voliboli pia, mitihani wanafanya na wanafaulu? Suala la darasa likiwezekana kwao kwa basi la Jumamosi, litawezekana na kwa hawa.

SWALI: Kaka asante, nimekuelewa na kale kahesabu ka 22 na 11 nimemtumia mwanangu. Ila niambie kama mama, wakiruhusiwa nikamuulize nini huyo kocha? Na bega lenyewe bado anasema linauma akinyoosha mkono juu lakini kocha hajui.
— Mama wa lainbeka tena

JIBU: Dada hapo mwisho umenishtua. Hilo la bega lishughulikie leo, kabla ya kocha, kabla ya mechi yoyote. Kijana aende kwa mtaalamu wa tiba wa timu akaseme hivyohivyo alivyokwambia wewe, nikinyoosha mkono juu linauma. Najua kwanini anaficha, yeye ni wa pili kwenye namba yake anaona akikaa nje wiki tatu wa tatu anapanda. Lakini bega lililoteguka mara moja ni jepesi kuteguka mara ya pili, kwa kijana wa umri huo ndio zaidi, na lainbeka anatumia bega kama fundi anavyotumia nyundo. Mpigie jioni wakati hayuko na wenzake, usianze na ukali, mwulize analalia upande gani usiku. Akisema hawezi kulalia ule upande wa bega, basi ujue bado halijapona.

Kwa kocha uliza mambo matatu tu na uliza kwa upole, mzazi ana haki. Siku hizo mbili zinahesabiwa ndani ya 15 au zimeongezwa? Daktari atakuwepo uwanjani mwenyewe au atakuwa wa kuitwa kwa simu? Na vijana wakianza kugombana nani ana mamlaka ya kusimamisha kila kitu watu wapande basi warudi, kocha wenu, kocha wao au mwamuzi? Kocha aliyejiandaa atakujibu yote matatu mkiwa mmesimama hapohapo kwenye korido. Akianza kukwambia usijali mama hawa ni wanaume, mwambie unajali ndio maana umeuliza, na usubiri hapo mpaka ajibu.