Mandvi uliyoniuliza

Mwanangu,

Umeuliza Mandvi uko wapi hasa, ni mji wa namna gani, na kutoka Mumbai unafikaje.

Kwanza usikosee mji. Gujarat, jimbo la magharibi mwa India, ina Mandvi mwingine, uko wilaya ya Surat, bara kabisa. Mumbai nako kuna mtaa wa jina hilohilo. Unaoutaka ni wa wilaya ya Kutch, posta 370465. Ukitafuta njia kwenye simu, andika jina la wilaya pia.

Panda treni ya jioni Bandra Terminus, stesheni ya Mumbai, utashuka mji wa Bhuj asubuhi. Reli haifiki Mandvi, kwa hiyo hapo Bhuj utachukua basi kwenda kusini, karibu kilomita 60. Nenda kati ya Novemba na Februari. Mei jua la huko halina huruma.

Mji wenyewe ni mdogo: sensa ya 2011 ilihesabu watu 51,000 na kitu. Wanazungumza Kikachi, kilekile unachokisikia madukani Mombasa na Unguja, pamoja na Kigujarati. Uko pale mto Rukmavati unapoingia Ghuba ya Kutch, na bila mlango huo wa mto pasingekuwa na mji. Jahazi zilijificha humo, zikasubiri kaskazi, zikaja kwetu na nguo, zikarudi na kusi zimebeba pembe za ndovu. Lakini mlango ni wa kina kifupi na mchanga haukomi kujaa. Jahazi hupita maji yakijaa. Meli kubwa haziwezi. Ndiyo maana shehena ilihamia bandari ya Kandla, kisha Mundra, jirani tu upande wa mashariki.

Kilichobaki, na ndicho hasa cha kwenda kutazama, ni uundaji wa vyombo vya baharini ukingoni mwa mto. Usitegemee kuta wala geti, vyombo vimesimama wazi vikiegemea magogo. Tazama mataruma, yaani mbavu za chombo, yanavyopanda kutoka kwenye mkuku, ule uti wake wa chini: ni ya mti jamii ya mgunga, mgumu na uliopinda wenyewe. Mbao za ubavuni nyingi huagizwa Malaysia. Mafundi wa kalafati hushindilia pamba katikati ya mbao; ikilegea, chombo kinavuja. Maji yakitoka utaona tope tupu, basi uliza saa za kujaa kabla hujatoka hotelini.

Jioni kula dabeli, mkate wenye viazi vya viungo, karanga na komamanga. Asili yake ni hapohapo. Na mwambie rafiki yako asibebe pombe, Gujarat ni marufuku.

Mzazi wako