Kwadi iliyotumika kwa ajili ya shamba Lubumbashi: ununue au uache?

Ndugu yangu, swali lako nimelisoma mpaka mwisho. Una shamba la mahindi upande wa Kipushi, na ukiacha lami kuna njia ya udongo ambayo mvua zikianza hata teksi zinakataa. Umepata kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, Honda TRX420 ya mwaka 2014, mali ya kampuni ndogo iliyokuwa na mkataba mgodini na sasa inauza vitu vyake. Wanataka dola 3,200. Nakujibu kama mtu anayeishi na chombo hiki: shambani kwetu tunayo moja, nayo tuliinunua imeshatumika.

Kwanza kabisa ujue itafanya kazi gani. Wengi hapa mjini wakiona kwadi wanaihesabu kama gari dogo, na pesa inapotelea hapo. Kwa TRX420 kiwanda kimeweka kikomo cha kilo 30 kwenye keria ya mbele na kilo 60 ya nyuma. Maana yake mfuko mmoja wa mbolea wa kilo 50 nyuma, basi. Ukifunga trela, kikomo ni kilo 385, na uzito wa trela yenyewe umo humo humo. Kama ulikuwa unapiga hesabu ya kutoa mavuno mpaka soko la Kenya hapa Lubumbashi, hiyo ni kazi ya Fuso, na utakodi Fuso hata ukiwa na kwadi. Kwadi inakufaa kwa mbegu, pampu ya dawa, dumu za maji, kuzungukia mipaka, kufika kwa wafanyakazi siku ambayo njia imekuwa potopoto tupu. Kwetu ndiyo imetuokoa kwenye palizi ya Januari, wakati gari haliwezi hata kusogea getini. Kama kazi za namna hiyo ni nyingi kwako, endelea kusoma. Kama ni chache, nunua pikipiki ya kawaida, na pesa inayobaki itie kwenye mbolea.

Jambo la pili: kwadi hiyo ilale shambani, isilale mjini. Kwenye TRX420 nyingi magurudumu mawili ya nyuma yameshikwa na ekseli moja isiyo na difu, kwa hiyo ukikata kona kwenye lami tairi moja lazima liteleze. Juu ya udongo halioni shida, juu ya lami linakwisha haraka na chombo kinakuvuta upande. Halafu matairi yenyewe yanataka upepo mdogo sana, kama paskali elfu 30, yaani bar 0.3, wakati gari la kawaida linapita bar 2. Ukisimama kwa kwado, fundi wa matairi wa barabarani, atakujazia kama anavyojaza Corolla, na kuanzia hapo kila kisiki kitakurusha. Kipimo cha upepo cha kwadi kinatakiwa kiwe cha hizo namba ndogo, kile cha magari hakisomi chochote. Panda basi mpaka Kipushi, kwadi ikungoje kule. Kama shambani huna mlinzi wa kuaminika na chumba cha kufunga, anza na hivyo.

Sasa vipuri. Mimi ningevitanguliza hata kabla ya bei. Lubumbashi utapata kila kitu cha pikipiki za Kihindi na za Kichina zinazobeba abiria, lakini vingi vyake havitaingia kwenye Honda hiyo. TRX haina hata mnyororo, nguvu inakwenda kwa shafti. Vipuri vyake kwa kawaida vinatoka Afrika Kusini, ambako wakulima wanazitumia sana, vinapita Zambia na kuingilia mpakani Kasumbalesa. Kitu kimoja ni rahisi: rulma, yaani beringi. Zina namba ubavuni, unaingia duka la rulma unasoma namba, unapewa. Lakini kardani ya mbele (shafti inayozungusha gurudumu), sufle zake za mpira, saa ya dijitali ya kilomita na kompyuta ya injini ni vya kuagiza na kungoja. Jirani yetu mmoja, kwadi yake ilikaa chini ya turubai msimu mzima wa kupanda kwa sababu ya kardani moja, na mbegu zake zikabebwa kichwani. Kwa hiyo kabla hujaonana na muuzaji, ongea na hao wanaoleta mizigo kutoka Johannesburg. Waulize bei ya kardani moja ya mbele, seti ya matairi na pedi za breki, na muda wa kufika. Jumlisha hiyo bei na 3,200, ndiyo bei halisi unayonunulia.

Aliyekujibu kabla yangu anasema uongeze kidogo ununue mpya ya Kichina. Zile ndogo za cc 110 na 125 ni za watoto kuchezea, haziwezi shamba la Katanga. Kubwa zao, kama CFMOTO, ni vyombo vya kazi kweli, lakini swali la vipuri linabaki pale pale.

Ukienda kuiangalia, nenda asubuhi, na umwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, weka mkono kwenye injini. Ikiwa na joto, ameiwasha ili kukuficha namna inavyoamka. Usigombane naye, rudi siku nyingine. Injini nzuri ya TRX ikiwa baridi inashika bila kubembelezwa, kwa sababu ni ya sindano za kielektroniki, haina kabureta. Na hilo ni faida kwetu: Lubumbashi iko mita kama 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na zile za kabureta zisizorekebishwa zinakula esansi (petroli) na kuchafua buji (plagi) mpaka nyeusi. Moshi wa buluu usioisha unamaanisha inachoma mafuta yake yenyewe.

Halafu nyanyua kiti. Hapa usiharakishwe na mtu. Chini ya kiti kuna sanduku la kichujio cha hewa, fungua kifuniko chake, toa sponji. Sponji ikiwa nyekundu kwa nje si ajabu, mavumbi ya huku ni hayo hayo. Unachotafuta kiko nyuma yake. Ingiza kidole kwenye ule mpira unaopeleka hewa kwenye injini, upande ambao hewa imeshachujwa, kisha uzungushe ukutani na ukitoe uangalie. Kidole kikitoka safi, au na mafuta kidogo tu, mwenyewe alikuwa anaitunza. Kikitoka na unga mwekundu, mavumbi yameingia kwenye silinda, na mavumbi yetu yanasaga ringi na pistoni kama msasa. Rangi mpya, kiti kipya, maneno matamu, vyote havifuti ule unga. Mimi hapo ningefunga kiti, nishukuru, niondoke. Angalia pia kwenye kuta za sanduku kama kuna mstari wa tope lililokauka. Ukiuona, chombo kilizama mpaka hapo.

Kilichozama utakithibitisha kwa mafuta. Chomoa kijiti cha mafuta ya injini: yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamo. Mwombe fundi wako afungue na kizibo cha difu ya mbele, kama ni ya kuendesha magurudumu yote manne, maana hapo wauzaji wengi hawakumbuki kubadilisha mafuta. Kisha pandisha mbele juu ya kigogo, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, ni rulma au ball joint. Pitisha mkono kwenye sufle za kardani, zile za mpira zenye mikunjo. Iliyopasuka muda mrefu utasikia kardani ikigonga ukikata kona. Lala chini kabisa utazame fremu, hasa pale mikono ya magurudumu inaposhikwa. Mahali palipochomelewa na kupakwa rangi mpya pana habari yake, iulize.

Kuhusu saa ya dijitali: usisome kilomita peke yake. Nyingi za mwaka huo zinaonyesha na saa za injini. Gawanya kilomita kwa hizo saa za injini. Ikiwa na kilomita 6,000 na saa 900, imetembea kwa wastani usiofika kilomita 7 kwa saa, yaani ilikuwa inanguruma imesimama au inavuta vitu polepole juani. Kwa kwadi ya mgodini ndiyo hali ninayoitegemea, na kilomita chache zisikudanganye kuwa haikufanya kazi.

Kuna jambo la karatasi ambalo kwako ni zito kuliko kwa mtu anayenunua kwa mkulima mwenzake. Kanuni ya migodi ya Kongo ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inazipa kampuni za migodi na wakandarasi wao unafuu wa ushuru kwa vifaa vinavyoingia kwa kazi hiyo. Kifaa kilichoingia kwa unafuu huo hakiuzwi hivi hivi kwa mtu wa nje, ushuru uliobaki unalipwa kwanza. Mwombe muuzaji karatasi za DGDA (idara ya forodha) za kuingizia, uone iliingia kwa utaratibu gani, na linganisha namba ya fremu na ya injini moja moja, kwa macho yako, si kwa picha ya simu. Akikwambia karatasi ziko njiani, pesa yako nayo iwe njiani. Na kwenye mkataba wa mauzo, mwenye kusaini awe na mamlaka ya kampuni, asiwe mlinzi wa ghala au dereva.

Nina jambo jingine ambalo hukuliuliza, na naliandika kwa sababu naona vijana wanavyozipanda. Kile kiti kirefu hakikuwekwa kwa ajili ya abiria. Kimeachwa kirefu ili dereva asogeze mwili mbele akipanda, nyuma akishuka, na upande wa juu akipita mteremko kwa ubavu. Ukimweka mtu nyuma yako huwezi tena kusogea, na chombo cha kilo kama 250 au zaidi kikipinduka kinakulalia. Shamba la upande wenu lina vichuguu, tena vile vya Katanga virefu kuliko nyumba, na nyasi za Machi zinaficha vile vidogo. Gurudumu moja likipanda kichuguu huku jingine limo shimoni, kwadi imeshalala. Kofia ngumu kila safari, hata ya kwenda kisimani. Na watoto wa shamba wasipewe ufunguo hata mara moja, haijalishi wamelia namna gani.

Kwa hiyo, kwa hali yako: mfano wenyewe ni mzuri, ni wa kazi, na mwaka 2014 si mzee kwa Honda. Ningeinunua kama kidole kimetoka safi, mafuta hayana maji, na karatasi za ushuru zimekamilika. Kwa 3,200 nisingeinunua. Toa gharama ya matairi na ya kardani moja uliyoambiwa na watu wa Johannesburg, hata kama zilizopo bado zinafaa, kwa sababu ya mgodini itazidai mapema. Ukikuta unga mwekundu au ushuru haujalipwa, hakuna punguzo litakalokufaa. Ukitoka kuikagua, weka hapa picha ya sponji, ya saa na ya karatasi za DGDA, tuzitazame pamoja kabla hujatoa hata dola ya kwanza.